Mwanga Unaotoka kwa Witiri

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaizungukia: mimi ndiye niliyemwambia mama kwamba mdogo wangu yuko Ulaya anatengeneza mwanga wa kuponya macho yake. Mama akaamini. Akakataa upasuaji, akakaa barazani kwetu Mtua kuusubiri huo mwanga, mpaka macho yakazima yote mawili. Mdogo wangu hajawahi kutengeneza dawa ya jicho la mtu yeyote. Mimi nilikuwa natania.

Basi, nimeshasema. Yaliyobaki ni maelezo tu, na maelezo mimi ninayo mengi, ndiyo maana nimefika hapa nilipofika.

Shule niliiacha kidato cha pili. Watu wa hapa kwetu wanajua niliacha ili mdogo wangu apate kusoma, na nimewaacha wajue hivyo hivyo, maana inapendeza. Ukweli ni kwamba ule mtihani niliufanya mara mbili na mara zote mbili ukanishinda. Alama yangu ya fizikia mwalimu aliisoma mbele ya darasa kwa sauti ya kutangaza msiba. Nikarudi nyumbani nikashika bomba la kupulizia mikorosho, kazi isiyouliza cheti. Msimu wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ukifika napuliza mashamba ya watu, Mtua na Kiegei huku Nachingwea, mpaka Likunja kule Ruangwa. Mwenzangu kazini ni mtani wangu wa Likunja. Namaanisha mtani kweli, wa kabila na kabila: anayo ruhusa ya kunisema vibaya hata msibani kwetu, na mimi ninayo kwake. Yeye anabeba salfa, mimi nabeba mashine mgongoni. Jioni tunarudi wa njano kama vifaranga, tunatukanana njia nzima.

Mdogo wangu ni wa kike, wa mwisho kuzaliwa. Shule za bweni zilimchukua ana miaka kumi na tatu, akapanda darasa, akapanda chuo, mwisho akapanda ndege. Kimwera chake kikabaki cha mtoto: anajua kuomba maji, kusema ana njaa na kumshitaki kaka yake. Mama naye Kiswahili chake ni cha sokoni: salamu, bei na matusi mawili. Kwa hiyo kila Ijumaa mchana, mdogo wangu akipiga simu, mama na mwanawe wanaangaliana kwenye kioo wakicheka, na katikati yao naketi mimi, mkalimani niliyefeli fizikia mara mbili.

Siku moja mama aliniambia, "Muulize kazi anayofanya huko ni kazi gani. Watu wananiuliza, nabaki kutabasamu."

Nikamuuliza. Mdogo wangu akafurahi, akavuta kiti karibu na simu.

"Kaka, mwambie mama hivi. Tunachukua gesi. Hewa tu, hii hii tunayovuta. Tunaipiga kwa mwanga wa leza, mkali sana, wa muda mfupi mno. Kupepesa jicho ni mwaka mzima ukilinganisha na huo."

"Mnaipigia nini? Imewakosea nini?"

"Kaka!"

"Haya, endelea."

"Ule mwanga unang'oa elektroni kwenye molekuli, unaitupa nje. Sasa mwanga ni wimbi, unaenda huku unageuka kule. Ukigeuka, unaisukuma ile elektroni irudi. Ikirudi inagonga palepale ilipotoka, na hapo inatoa cheche ya mwanga mwingine. Ile cheche ndiyo tunayoipima. Inatueleza elektroni ilitokaje, na molekuli ilibaki katika hali gani ilipong'olewa."

"Kwa hiyo ni mume huyo," nikamwambia. "Kafukuzwa, kazunguka mtaani, karudi kagonga mlango, na kwa namna alivyogonga majirani wanajua kilichotokea ndani."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Kaka, umeelewa kuliko wanafunzi wangu."

"Na zote zinarudi?"

"Hapana. Nyingi hazirudi. Na hata inayorudi haikuti nyumbani kama ilivyopaacha. Molekuli ikishang'olewa inaanza kubadilika palepale." Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka funguo, "Mwambie mama asiogope, tunavaa miwani maalumu. Leza hiyo ikikuingia jichoni mara moja tu, jicho limekwisha."

Mama alikuwa ananivuta shati. "Kasema nini?"

Hapo jua lilikuwa linanichoma kisogo, nina njaa, na Kimwera hakina neno la elektroni. Hata la Kiswahili lenyewe mimi nilikuwa nimeliazima dakika ile. Na mama siku hizo alikuwa ameanza kulalamikia macho, anasema pembeni kuna giza, kwamba anaona kama anayechungulia kwenye bomba. Nikasema la kwanza lililonijia mdomoni.

"Anasema anatengeneza mwanga wa kukusafisha macho, mama."

Nikasubiri kofi la begani. Ndivyo tulivyokuwa: mimi nasema upuuzi, yeye ananipiga, tunacheka. Kofi halikuja. Aliichukua simu mkononi mwangu, akaiweka kifuani pake na picha ya mwanawe ikiwa bado inaongea ndani.

Nilikusudia kuifuta ile kauli Ijumaa iliyofuata. Naapa nilikusudia. Lakini Ijumaa iliyofuata ndiyo ikaja witiri.

Mdogo wangu siku ile alikuwa na furaha, kazi ilikuwa imemkubali. Simu tumeiweka sauti ya juu. "Mwambie mama tumepata matokeo mazuri! Unaingia mwanga wa aina moja, unatoka mwanga wa mitetemo mingi zaidi. Mara tatu ya ule wa kwanza, mara tano, mara saba, mara tisa, inaendelea juu huko. Na siku zote ni witiri. Shufwa hakuna hata moja."

Mama akanyanyuka kwenye mkeka. Hakunisubiri mimi. "Witiri?"

"Ndiyo mama! Witiri!"

"Mwanga... witiri?"

"Witiri tupu, mama!"

Wakawa wanapigiana kelele za neno hilo moja, mmoja Mtua na mmoja Ulaya, wanacheka, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto aende bweni hawakunihitaji. Mdogo wangu alikuwa na maana ya namba zile za darasani, moja, tatu, tano. Mama anayo witiri nyingine, ile swala anayofungia siku yake kila baada ya isha, ambayo hajawahi kuiacha hata akiwa na homa.

Inabidi niseme kilichokuwa kinamsumbua. Neno lenyewe mwanga, kwetu lina watu wawili. Kuna mwanga wa taa, na kuna mwanga yule mchawi, anayezungukia nyumba za watu usiku akiwa uchi. Jirani yetu mmoja alishamuuliza mama sokoni, kwa kicheko, "Eti binti yako anasomea mwanga? Siku hizi mnawapeleka mpaka Ulaya?" Mama alirudi siku ile hakula. Sasa witiri ikawa imemsafishia jambo. Simu ilipokatika aliniambia, "Mwanga unaoshika witiri hauwezi kuwa mchafu. Mwanangu anafanya kazi ya kheri."

Ungekuwa wewe ungeanzia wapi kumwambia?

Baada ya hapo kila Ijumaa mama akawa anauliza kazi imefika wapi. Mimi nikawa napokea habari za Ulaya na kuzipindua. Mdogo wangu akisema pampu ya kuvuta hewa imeharibika, namwambia mama mwanga bado unachujwa. Akisema kifaa cha kupimia kimeagizwa, namwambia wanatafuta chupa ya kuuwekea. Nilikuwa hodari, nisiseme uongo. Mtihani wa fizikia ungekuwa wa namna ile ningekuwa daktari.

Na mdogo wangu siku moja akaniambia, "Kaka, unajua wewe na mama ndio watu pekee huko nyumbani mnaouliza ninachofanya? Wengine wananiuliza nitawaletea nini. Mama anauliza mpaka pampu. Ijumaa naingoja." Akatazama pembeni kidogo. Huko ilikuwa imeanguka theluji na chumba chake kilionekana cheusi. Nikajiambia, watu wawili wanafurahi, nani kaumia?

Ilipotangazwa kwamba wataalamu wa macho wamekuja hospitali, nilimpeleka mama Nachingwea mjini kwa bodaboda, mshikaki, mama katikati yangu na dereva. Daktari alimmulika, akampima, akasema ni presha ya macho. Akatoa dawa ya matone, akasema atapangiwa siku ya upasuaji. Akanitazama mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa nasikia Kiswahili. "Mweleze vizuri. Upasuaji huu si wa kurudisha alichopoteza. Ni wa kuzuia kisipotee kilichobaki. Asichelewe."

Mimi wakati huo nilikuwa namtania muuguzi mlangoni, sikio moja kwa daktari, sikio moja kwa muuguzi. Nilimjua mzee mmoja wa Kiegei aliyekaa na mtoto wa jicho miaka, akaenda akatolewa, akarudi anatunga uzi kwenye sindano. Nikadhani macho ni hayohayo, yanaweza kungoja kama gunia la ufuta linavyongoja bei. Nikamtafsiria mama: "Wanataka kulisafisha jicho kwa kisu."

"Kisu cha nini," mama akasema, "wakati mwanangu anakuja na mwanga?"

Pale ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Tulikuwa kwenye benchi la hospitali, watu wamejaa, mama ameshika karatasi yake ya matone kichwa chini miguu juu. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Haya mama, twende nyumbani."

Siku ya upasuaji ikaja ikapita. Matone alitumia, yakaisha, nikachelewa kufuata mengine kwa sababu ufuta ulikuwa shambani. Yeye mwenyewe hakuyadai. Ya nini matone, mtu anayengoja mwanga?

Macho ya mama hayakuzima kwa kishindo. Yaliondoka kidogo kidogo. Alianza kujigonga kwenye kinu ambacho kimekaa mahali pamoja tangu baba akiwa hai. Akawa anamimina uji pembeni ya kikombe. Akichambua mchele, mawe tunayala sisi, nami nikawa nasema leo mama ametupikia na kokoto za barabara, na yeye anacheka. Nilichekesha mpaka mwisho. Asubuhi moja alitoka chumbani akasimama sebuleni, akauliza, "Mbona hamjafungua mlango mpaka saa hizi?"

Mlango ulikuwa wazi. Jua lilikuwa limemfika kiunoni.

Siku ile sikutania.

Tulirudi hospitali. Daktari alikuwa mwingine, kijana, mpole. Aliangalia muda mrefu, akaweka kurunzi chini. Nikamuuliza, na hili nalo ni la aibu, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama anayenunua kitu cha wizi, "Daktari, na mwanga wa leza je? Kuna ule wa leza."

"Leza ya nini, ndugu yangu? Kilichokufa ni mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Huo hauoti tena."

Mama akanivuta shati. "Kasema nini?"

Nikamwambia, "Anasema tungoje."

Mdogo wangu alikuja mwaka huu, mikorosho ilipoanza kutoa maua. Nilimwambia kwenye simu kwamba mama haoni vizuri. Hivyo ndivyo nilivyosema, haoni vizuri. Nilimpokea stendi ya Nachingwea, njia nzima akiniuliza dawa gani mama anatumia, na mimi nikimwonyesha nyumba mpya zilizojengwa.

Mama alimpapasa uso wote, paji, pua, masikio, taratibu, kama anayekagua korosho mkononi. Akamkuta na kovu la kidevuni, akalisugua kwa kidole gumba, akatulia. Mdogo wangu alilia bila sauti. Alikuwa ananitazama juu ya bega la mama, anaelewa sasa kwamba "vizuri" yangu ilikuwa na urefu gani.

Walikula, wakaswali alasiri pamoja. Kisha mama akaingia ndani, akakaa sana. Alipotoka alikuwa amevaa kanga mpya, ile tuliyokuwa tumeiweka ya Idi. Akaufuata ukuta kwa mkono mpaka barazani, akaketi kwenye mkeka, akanyanyua uso juu, macho wazi. Akasema maneno mawili kwa Kimwera.

Mdogo wangu akanigeukia. "Anasema nini?"

Mama alikuwa amesema, niwashie sasa.

"Anasema umenenepa," nikajibu.

Mama akangoja. Hakusikia kitu. Akadhani labda mtoto hakuelewa Kimwera, basi akatafuta Kiswahili chake cha sokoni, akakitoa kimoja kimoja kama anayehesabu mayai: "Mwanga. Ule witiri. Washa. Mimi tayari."

Mdogo wangu hakumtazama mama. Alinitazama mimi.

Nilimweleza, palepale, kwa Kiswahili, mama akiwa ameketi katikati yetu na uso wake juu. Nilieleza haraka, kama mtu anayetapika. Ule utani wa kwanza, pampu na chupa, benchi la hospitali, yale matone. Nilidhani atanipiga. Ningependa anipige.

Alisema polepole, "Kaka, ule mwanga unapofusha. Nilikwambia. Nilikwambia siku ya kwanza kwamba tunavaa miwani."

"Hilo sikulitafsiri."

"Na maswali yote yale ya Ijumaa? Alipouliza pampu?"

Alikuwa ameshajijibu. Nilimwona usoni anavyozirudia zile Ijumaa, moja baada ya moja, na kila moja inamharibikia mkononi.

Kisha akaniambia, "Mtafsirie. Mwambie mimi sina mwanga huo. Mwambie sikuwahi kuwa nao. Sema hivyo hivyo, usiongeze kitu."

Nikasema. Ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza ya kweli kati yao, na ilikuwa fupi. Uso wa mama haukushuka upesi. Ulibaki juu kidogo, kisha ukashuka, macho yakaelekea magotini ambako hayaoni. Kuku wa jirani wakaingia barazani wakatoka, hakuna aliyewafukuza.

Mama akauliza kitu. Safari hii sikungoja kuvutwa shati. "Anauliza, na witiri? Nayo ilikuwa uongo?"

Mdogo wangu alisogea, akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili. "Hapana mama. Witiri kweli. Witiri ni kweli kabisa."

"Kweli," mama akarudia kwa Kiswahili.

Magharibi ilipokaribia alitaka kuingia ndani. Nikampa mkono kama ninavyompa kila siku. Aliugusa, akaujua ni wangu, akauachia. Akanyoosha mwingine hewani mpaka mdogo wangu akaupokea.

Mdogo wangu alikaa wiki mbili, akarudi kwenye gesi yake. Ijumaa bado anapiga. Mama anamsalimia, anamwombea dua, ananirudishia simu. Hamuulizi tena kazi. Ijumaa iliyopita mdogo wangu alingoja kidogo kabla ya kukata, kisha akasema, "Mwambie mama tumeanza molekuli nyingine, hii kushoto na kulia hazilingani, kwa hiyo na shufwa zinatoka." Nikamtafsiria mama. Mama akasema, "Vizuri," akauliza kama mbuzi wamefungwa.

Mtani wangu nilimweleza juzi, tukiwa Likunja, katikati ya shamba la mikorosho, mashine imepumzika. Nilimweleza nikitaka anitukane. Hiyo ndiyo kazi yake, na hakuna mtu mwingine mwenye ruhusa. Nilitaka anicheke mpaka Ruangwa nzima isikie, ili jambo liwe utani tena kama lilivyoanza. Yeye akajifuta salfa kwenye nyusi kwa nyuma ya mkono. Akafunga mdomo wa mfuko wake, akafungua, akafunga tena.

"Hili sikutanii, mtani," akasema. "Ijumaa mpelekee mama yako simu. Dada yako akisema neno usilolijua, mwambie mama hulijui. Haya, washa mashine."